Wati Moja Inaamsha Mtaa

Haya ni maneno niliyowaambia wapiga gitaa wenzangu jioni moja ya Jumamosi, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimeacha mizaha miwili isiyofaa kuandikwa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Nawashukuru mlioniita, na mnisamehe kwa kuchelewa. Nimekuja na huu mzigo wa kilo kama nane kwenye bajaji, na dereva ameniuliza mara tatu kama ni jiko.

Si jiko, ingawa moto inapata. Hii ni amplifaya, kikuza sauti cha gitaa, ya wati tano, tena ya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani. Nimeiunda mwenyewe, boksi ni la mbao za kitanda kilichovunjika.

Niulize kwanza. Wangapi hapa wana gitaa la umeme nyumbani? Naona mikono. Wangapi wanapigia chumbani au sebuleni, na nyuma ya ukuta kuna mtu mwingine anaishi? Mikono ile ile. Basi leo nasema na ninyi. Wale wa ukumbini mtanivumilia, ninyi mna mafundi mitambo wenu.

Karibu kila wiki kuna kijana ananipigia simu na swali moja: "Fundi, nataka ampu ya valvu ya kupigia nyumbani. Ninunue wati ngapi?" Na jibu keshajipa. Anataka ya tano, kwa sababu tano ni ndogo. Mitandaoni kila mtu kamwambia tano ni ya chumbani, kumi na tano ya ukumbi mdogo, hamsini ya uwanjani. Anachotaka kwangu ni baraka tu.

Dada uliyekaa mbele, naona simu yako ina programu ya kupima sauti. Njoo usimame hapa, hatua moja kubwa kutoka kwenye spika. Naiweka volyumu kwenye mbili. Napiga E, nyuzi zote sita. Inasema ngapi? Themanini na nane, yaani desibeli, kipimo cha ukali wa sauti. Sasa naipeleka saba, pale inapoanza kuguna vizuri. Zibeni masikio mnaopenda masikio yenu. Ngapi? Mia moja na tatu. Asante, kaa. Mmeona hata mlinzi wa getini amegeuka.

Hiyo ndiyo "ya chumbani".

Hesabu yake si ndefu. Kila spika ina kipimo chake: ukiipa wati moja, ukasimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa kati ya 96 na 100. Celestion Vintage 30, ambayo mtaikuta kwenye maboksi mengi, imeandikwa 100. Kwa wati moja! Ukizidisha nguvu mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo wati 5 zinakupandisha kama desibeli 7 juu ya wati moja, na wati 15 kama 12. Sikio nalo ni bahili. Ili likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili linadai kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Weka amplifaya ya wati 50 kando ya hii yangu, itakuwa na kelele mara mbili ya hii, hakuna zaidi.

Sasa tuteremke. Chukua spika ya 97. Wati moja inatoa 97. Sehemu ya kumi ya wati, 87. Sehemu ya mia, 77. Sehemu ya elfu moja, 67, na hapo ndipo inapokaa televisheni ya sebuleni watu wakitazama taarifa ya habari. Ukitaka kupiga gitaa kwa sauti ya taarifa ya habari, unatumia sehemu ya elfu moja ya wati. Anayekushauri uache ya kumi na tano uchukue ya tano amekupunguzia desibeli zisizofika tano. Mama wa nyumba ya pili hatajua kama umemfanyia hisani.

Na si jirani peke yake. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una dakika 15. Mimi sikio langu la kushoto limeshatangulia, ndiyo maana mkiniuliza swali njooni upande huu.

Kwa nini basi watu walizitengeneza hizi ndogo? Leo Fender, yule ambaye jina lake liko kwenye magitaa na amplifaya, alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio Fullerton, California, mwaka 1938. Muongo mmoja baadaye akawa anauza amplifaya ndogo za wanafunzi, ukoo ambao baadaye tukaujua kwa jina la Champ. Ile ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ina valvu tatu basi: 12AX7 moja ya kupokea gitaa, 6V6 moja ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja. Spika inchi 8. Kitufe cha volyumu, hata cha toni hakuna. Ramani yake inaingia kwenye karatasi moja, na hii iliyopo mezani nimeichora kutoka hapo. Ilikuwa rahisi kwa sababu mwanafunzi hana pesa. Kisha wakubwa wakagundua kwamba maikrofoni haijui ukubwa wa boksi. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alipoingia studio ya Criteria kule Miami mwaka 1970, vidude kama hivi ndivyo alivyokuwa anapigia. Studio lakini ina kuta zake. Chumba cha kupanga kina kuta za mwenye nyumba.

Niseme kidogo kuhusu valvu yenyewe, kwa vijana ambao hawajawahi kuona redio ikiwaka ndani. Njooni nyuma hapa wachache, msiguse. Ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Huo wekundu mnaouona chini ni filamenti inayopasha moto kipande cha chuma, na chuma kikipata moto kinatema elektroni, zinakimbilia bamba lenye volti mia tatu na kitu. Katikati kuna wavu. Umeme mdogo wa gitaa lako unafika kwenye ule wavu, unafanya kazi ya koki: unafungua kidogo, unafunga kidogo, na maji mengi yanafuata. Koki ikifika mwisho, sauti inaanza kuchanika. Transista kwa kawaida hufika mwisho ghafla, kama mtu aliyegonga ukuta. Valvu hufika taratibu, inajikunja. Ukipiga kwa upole inatulia, ukikaza mkono inaguna. Huo mguno ndio watu wanaulipia.

Na mguno huo unakaa karibu na mwisho wa nguvu zake. Ya wati 50 mwisho wake uko mbali, hutaufikia nyumbani mpaka siku ya kuhama. Ya wati 5 mwisho wake uko karibu zaidi, na bado dada ameusoma hapa: mia moja na tatu. Mnaona mtego? Kijana ananunua ya tano apate mguno, anaiweka kwenye moja na nusu kwa kuogopa watu, anapata sauti nyembamba iliyonyauka, na wiki ya tatu ananiletea nibadilishe valvu. Valvu haina kosa.

Kwa hiyo swali la kwanza si wati. Unapiga nini, na saa ngapi?

Kama mkono wako ni wa dansi, solo safi inayolia kama kengele, ile tuliyoirithi kwa akina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au sebene la Kongo, au benga ya Nyanza, wewe hutaki kitu kichanike. Unataka kila noti isimame peke yake, hata kidole kikiwa mbioni. Kazi hiyo haihitaji valvu izidiwe, na transista inaiweza vizuri sana. Roland walitoa amplifaya ya Jazz Chorus mwaka 1975, haina valvu hata moja, na mpaka leo ni kipimo cha sauti safi. Mtu wa namna hii, tena anayefanya mazoezi saa nne usiku watoto wamelala, mimi namwambia aende akanunue ya transista au ya dijitali yenye tundu la hedifoni, na chenji anunulie nyuzi. Nimekosa wateja kwa kusema hivi. Mke wangu anajua idadi yao.

Lakini kuna wengine. Kuna wa blues, kuna wa roki, na kuna hata wapiga ridhimu wa dansi ambao wakishaonja jinsi valvu inavyojibu kidole hawarudi nyuma. Siwalaumu, na mimi ni mmoja wao. Kwao njia ziko tatu.

Moja ni kushuka wati kweli kweli. Marshall wana DSL1, wati moja, na ina swichi ya kuiteremsha hadi sehemu ya kumi ya wati. Blackstar wana HT-1, nayo wati moja. Ndani haina valvu kubwa ya kusukuma, inatumia ECC82, kichupa kidogo kama kidole gumba. Vox waliwahi kutoa AC4TV yenye EL84 moja na swichi ya wati nne, moja na robo. Ukipata ya namna hii, mchana umeokoka. Usiku bado. Rudini kwenye hesabu yetu: sehemu ya kumi ya wati ni 87.

Ya pili ni ile yenye volyumu mbili. Ya kwanza inazidisha valvu za mbele mpaka zigune, ya pili inapunguza kinachokwenda kwenye valvu ya mwisho. Wazee wa valvu wataniambia ule si mguno kamili, kwamba unakosa jasho la valvu ya nguvu na transfoma yake. Ni kweli. Ila nikifumba macho, sauti ikiwa ndogo, kuna siku sitofautishi, na mimi nafanya kazi hii kutwa.

Ya tatu ni kuweka kipunguza nguvu kati ya amplifaya na spika, mnachosikia kikiitwa atenyueta. Amplifaya inapiga kelele zake zote, kifaa kinameza sehemu kubwa na kuigeuza joto, spika inapata kilichobaki. Kinafanya kazi. Lakini omu zake, yaani ukinzani wake, zilingane na za amplifaya, na kiwe na uwezo wa kumeza wati zote za amplifaya yako, la sivyo mtapikia chai. Na hapa nisikilizeni wote: amplifaya ya valvu isipigwe hata siku moja bila spika au mzigo wa kweli kuchomekwa. Ya transista ukichomoa spika inakaa kimya inakusubiri. Ya valvu umeme ukikosa pa kwenda unarudi kwenye transfoma ya kutokea, unapanda, na transfoma inatoboka ndani. Kuna kaka aliniletea moja baada ya kuchomoa spika ili "apige kimyakimya". Alifanikiwa. Imekuwa kimya mpaka leo.

Lakini njia zote tatu zina jambo moja ambalo hakuna wa kulikwepa. Sikio lenyewe likipewa sauti ndogo linapoteza besi, na kidogo trebo, zile sauti za juu. Wanasayansi Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933, na hakuna aliyelitengua. Sauti uliyoipenda kwenye rekodi, ukiicheza kwa sauti ya taarifa ya habari itakuwa kama imefunikwa blanketi, hata ungekuwa na amplifaya ile ile. Ongeza trebo kidogo, ongeza besi kidogo, na usiendelee kutafuta dawa ya kosa hilo dukani.

Besi nayo kwa kiasi, kwa sababu ya jirani. Kinachopita ukutani ni besi. Trebo inakufa kwenye pazia. Mimi niliishi miaka sita pale ambapo ukuta wangu na wa mama mmoja muuza vitumbua ulikuwa ni tofali moja la inchi tano. Yeye alikuwa analala saa mbili usiku, anaamka saa tisa. Alinivumilia sana. Siku moja akanibishia hodi, akasema, "Baba, hicho kinanda chako sikisikii. Nasikia kitanda changu." Amplifaya ilikuwa sakafuni, imeegemea kona. Kona inaongeza besi, na sakafu ya saruji inaibeba hadi kwa watu. Niliitoa konani, nikaiweka juu ya stuli yenye godoro la mtoto lililokunjwa, nikaielekeza usoni kwangu badala ya miguuni. Mambo mawili yakatokea. Mama akalala, na mimi nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa naweka trebo nyingi mno kwa sababu spika ilikuwa inaimbia magoti yangu. Gharama yake ilikuwa sifuri.

Spika. Watu wanahangaika na valvu kama wanawake wa Kariakoo na vitenge, huyu wa Urusi, huyu wa Slovakia, huyu wa Uchina, na spika hawaulizi. Spika ndiyo inayobadilisha sauti kuliko kitu chochote kingine kwenye boksi hili. Ya inchi 8 kwenye kiboksi kidogo ina sauti ya redio, ina utamu wake, besi haina. Champ hiyo hiyo ukiichomeka kwenye boksi la inchi 12 utadhani umebadilisha mashine. Ila tazama kipimo. Ukitoka kwenye spika ya 92 kwenda ya 100, hizo desibeli nane ni sawa na kuzidisha nguvu zaidi ya mara sita. Kwa mtu wa ukumbini ni zawadi. Kwako wewe wa chumbani, spika mvivu ndiyo rafiki, na mara nyingi ni rahisi zaidi kwa bei.

Sasa umeme. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zinapoungulia.

Nilipokuwa kijana, shemeji yangu aliyekuwa Marekani alinitumia amplifaya kwenye kontena la watu. Ilifika ina mikwaruzo lakini nzima. Plagi yake ni ile ya visu viwili bapa, haiingii kwetu. Nikaenda kununua adapta ya elfu kidogo, nikachomeka. Adapta ile inabadilisha umbo la miguu ya plagi, basi. Umeme unabaki ule ule. Nyuma ya amplifaya paliandikwa volti 120, hezi 60, herufi kubwa tu, na mimi kusoma nilikuwa najua. Ukutani kuna 230. Fyuzi ingeniokoa, lakini aliyekuwa nayo kabla yangu aliizungushia waya wa shaba. Nilisikia transfoma ikiguna, halafu mguno ukapanda, halafu ikaja harufu ya vanishi na karatasi inayoungua, ile harufu ambayo fundi akiinusa mara moja haisahau. Valvu ziliwaka nyeupe kama balbu. Sekunde nne au tano. Shemeji alipopiga simu kuuliza kama imefika, nilimwambia imefika.

Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya jina, geuza nyuma usome. Kama ni 220 hadi 240, endelea. Kama ni 120, utahitaji transfoma ya kushusha, na iwe na uwezo mara mbili ya kile amplifaya inachovuta. Hii yangu ya wati tano inavuta ukutani kama wati 35 hadi 40. Filamenti ya 5Y3 peke yake ni wati 10, na muundo huu unavuta kiasi hicho hicho upige usipige. Basi transfoma ya kushusha ya 100 inaitosha. Ya kushushia mashine ya kunyolea haifai. Na hata ukishusha volti, hezi, yaani mara ngapi umeme unapiga kwa sekunde, hazishuki wala hazipandi: kwetu ni 50, kwao ni 60. Transfoma iliyobuniwa kwa 60 pekee, kwenye 50 chuma chake kinashiba mapema na kinapata moto zaidi. Baada ya nusu saa weka kiganja juu ya transfoma ya amplifaya. Ya chuma, kwa nje, sikusema valvu. Kama kiganja hakikai, izime. Zilizotoka Japani zimeandikwa volti 100, na transfoma za kushusha hadi 120 hazizifai. Hezi lakini mara nyingi ni 50/60, kwa sababu Japani yenyewe mashariki ni 50 na magharibi ni 60.

Umeme ukikatika, chomoa. Usisubiri urudi ndipo ukimbie. Unaporudi huja na ghadhabu. Kile kifaa cha kulindia friji, kinachochelewesha umeme dakika chache, kinafaa na hapa pia. Wenye sola, inveta ya bei rahisi inayotoa umeme wa ngazi ngazi itakupa mlio wa nyuki kwenye spika ambao hakuna valvu itakayouondoa.

Na eathi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na daraja la chuma la gitaa, daraja na waya, waya na chasisi, fremu ya chuma ya amplifaya. Wewe unashika nyuzi kwa mikono miwili. Kama ndani umeme umegusa chasisi na nyumba haina eathi, wewe ndiye eathi. Nimefungua soketi za nyumba mpya kabisa nikakuta waya wa kijani na njano umekunjwa nyuma, haujafungwa popote. Mwite fundi umeme apime. Amplifaya za zamani zenye waya wa miguu miwili zisipigwe mpaka fundi aziwekee waya wa miguu mitatu. Mwanamuziki asiwe kiunganishi. Na ndani ya boksi msiingize bisibisi kwa udadisi. Kapasita, vile vipande vya kuhifadhi umeme, zinabaki na volti mia tatu hata baada ya kuchomoa, na hazina huruma na aliyesoma.

Haya, mitumba. Wengi wenu mtanunua iliyotumika, na ni sawa, lakini msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na gitaa lako, na kalamu ya risasi. Iwashe, iache dakika tano. Kabla hujachomeka gitaa, sikiliza mngurumo. Kama upo, linganisha na gitaa: waya mnene, kizuizi cha tatu cha shingoni, ile G ni hezi 98. Mngurumo ukikaa karibu na hapo, hizo ni 100, yaani kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Gharama ndogo, mpunguzie bei muuzaji. Ukiwa oktavu moja chini, hezi 50, tafuta eathi au nyaya za filamenti. Kisha gongagonga kila valvu polepole kwa kalamu, upande wa mbao. Ikilia kama kengele kwenye spika, ni ya kubadilisha. Zima taa ya chumba, tazama valvu ya mwisho: filamenti iwe nyekundu, sawa, lakini lile bamba kubwa la kijivu likianza kuwa jekundu, zima hapo hapo na uage kwa heshima.

Tazama pia ni valvu gani. 12AX7, ambayo ni ile ile ECC83, EL84 na 6V6 zinatengenezwa mpaka leo na utaagiza bila shida. Ukikuta namba usiyoijua, usipende kwanza. Na usidanganywe na neno valvu kwenye boksi. Orange Micro Terror ina valvu mbele, nguvu yake ni ya transista ya wati 20. Ni kitu kizuri, mimi nakipenda, lakini siyo hiki tunachokizungumzia. Zenye valvu moja ya nguvu kama hii yangu nyingi zinajirekebisha zenyewe, ukibadilisha valvu unachomoa na kuchomeka. Kubwa zaidi nyingine zinahitaji fundi apime. Sisi mafundi tunazipenda hizo.

La mwisho, sisi wa pwani. Chumvi. Usiiweke dirishani upepo wa bahari unapoingia, tundu za jeki zinaota kutu kijani na vitufe vinakwaruza. Ifunike kitambaa ikipoa, siyo ikiwa moto. Na mende wanapenda joto la transfoma kuliko jikoni. Mwezi uliopita nimefungua moja iliyokuwa inapasuka-pasuka sauti, nikamkuta bwana mmoja amekaukia kati ya pini ya tatu na ya nne ya soketi, ndevu zake ndizo zilizokuwa zinapitisha umeme.

Nimeambiwa nina dakika kumi. Nyuma ya meza nina kipunguza nguvu na boksi la inchi 12. Volyumu naiacha hapo hapo kwenye saba. Dada, rudi na simu yako usimame pale pale. Wewe kijana mwenye fulana ya njano, gitaa umelibeba la nini? Njoo. Subiri kwanza, valvu hazijapata moto, hesabu mpaka thelathini. Sasa piga.

Sabini na moja. Haya, anayefuata.